Mdogo wangu anataka kuvuka Atlantiki peke yake kwa mashua ya tanga: akili ya mtu hustahimilije safari ya namna hiyo?

Mwalimu wa Ilazo, Dodoma

Ndugu zangu, habari za jioni. Naandika kutoka Dodoma, mji ambao ndani yake maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya bwawa la Hombolo, kwa hiyo naomba mnivumilie iwapo swali langu litaonyesha kwamba siijui bahari. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 31, aliondoka hapa mwaka 2016 akaenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa fundi katika karakana ya kuunda mashua za tanga mjini Cape Town. Huko ndiko alikojifunza kuziendesha, akapata vyeti, akawa anatumwa pamoja na wenzake kupeleka vyombo vya wateja katika bandari nyingine. Mwezi uliopita alitupigia simu kutuarifu kwamba amenunua mashua kuukuu ya futi 32, ameikarabati kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba Januari ijayo anakusudia kwenda nayo hadi kisiwa cha Saint Helena, kisha kutoka hapo hadi Salvador nchini Brazili, akiwa peke yake.

Nimekaa na ramani ya darasani nikapima. Kutoka Cape Town hadi Saint Helena ni takriban maili 1,700 za bahari, yaani zaidi ya kilomita 3,100, sawa na kusafiri kutoka hapa hadi Dar es Salaam mara saba bila kupita kijiji hata kimoja. Kutoka Saint Helena hadi Salvador kuna maili nyingine zinazokaribia 1,900.

Kuhusu mashua yenyewe sina shaka kubwa, kwa sababu namjua mdogo wangu kuwa fundi asiyefanya kazi nusunusu. Hofu yangu ni juu ya akili yake. Tangu utoto amekuwa mtu wa watu, asiyeweza hata kula peke yake. Mama yetu alipofariki mwaka 2019 hakuweza kuja kuzika, na baadaye tukasikia kwa wenzake kwamba alikaa karibu miezi miwili halali vizuri wala haendi kazini, na sisi nyumbani alikuwa akituambia kila siku kwamba ni mzima. Baba yetu, aliyeko Mpwapwa, aliposikia habari ya safari hii alisema jambo moja tu, kwamba mtoto huyu atarudi akiwa si yeye, na tangu siku hiyo hajalizungumzia tena.

Sitaki kumzuia, kwa kuwa ni mtu mzima na sina haki hiyo. Ninachoomba kwa wenye ujuzi ni kuelezwa ni nini hasa humpata mtu anayekaa wiki mbili, tatu au zaidi baharini bila kuona uso wa binadamu. Ni maswali gani nimuulize kabla hajang'oa nanga. Na sisi tuliobaki nchi kavu tufanyeje siku ambayo simu yake haitaita.

Serahangi Mstaafu, Kondoa

Mwalimu, mwanangu, salaam. Mimi ni mtu wa Kondoa, lakini nilifanya kazi ya ubaharia katika meli za mizigo kwa miaka 26, na miaka 9 ya mwisho nilikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha. Sijawahi kusafiri peke yangu kwa tanga, na sitajifanya kwamba nimewahi. Hata hivyo niliwahi kukutana na mmoja wa watu hao, na kukutana huko kulinifanya nisome habari zao kwa miaka mingi.

Ilikuwa usiku, katikati ya Atlantiki ya kusini, nikiwa zamu darajani, yaani kwenye chumba cha kuongozea meli, pamoja na ofisa. Tuliona taa ndogo, tukaita kwa redio kuuliza kama kuna shida. Akajibu mwanamume mwenye sauti tulivu, akasema hana shida yoyote, maji anayo na chakula anacho. Kisha hakuacha kuzungumza. Alituuliza tunatoka wapi, tumekula nini, mpishi wetu ni mtu wa nchi gani, na katika nusu saa ile alituuliza mara tatu leo ni siku gani, nasi tukamjibu mara tatu. Ofisa aliniambia baadaye kwamba mtu yule si mgonjwa, ila hajalala. Nilikuja kufahamu kwamba alisema kweli kabisa, na ndilo jambo la kwanza ninalotaka ulijue, kwa sababu watu wa nchi kavu hudhani adui wa msafiri huyo ni upweke, kumbe upweke huja nyuma sana ya usingizi.

Fikiria mwenyewe. Meli kubwa inayokimbia maili 20 za bahari kwa saa, ikichomoza kwenye upeo wa macho mbele yako, inaweza kukufikia kwa muda wa takriban dakika 20. Ndiyo maana wengi wanaosafiri peke yao, wakiwa kwenye njia za meli, hulala kwa vipande vya dakika 20 au nusu saa, wakaamka, wakachungulia pande zote, wakapunguza au kuongeza tanga, wakalala tena. Siku hizi zipo rada na vifaa vya kutambua meli vinavyopiga kengele, na mbali na pwani mtu huweza kulala zaidi, lakini siku tatu au nne za mwanzo hakuna nafuu: pwani ya Rasi ya Tumaini Jema ina meli nyingi na vyombo vya uvuvi, bahari yake huchafuka kwa mawimbi, tumbo linachafuka, na hofu haijazoeleka. Mtu akipita siku hizo bila kulala, akili yake huanza kumwonyesha na kumsikilizisha visivyokuwapo. Hayo ni maruweruwe, na yamewapata watu imara sana.

Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya mwaka 1895 na 1898, aliugua tumbo karibu na visiwa vya Azores baada ya kula matunda na jibini, akalala sakafuni mwa chumba cha mashua huku dhoruba ikivuma. Alipofumbua macho alimwona mtu mrefu amesimama kwenye usukani, naye akamwambia kwamba ni rubani wa Pinta, mojawapo ya vyombo vya Christopher Columbus, na kwamba amekuja kumsaidia. Asubuhi yake Slocum alikuta mashua imeishika njia yake barabara. Aliyaandika hayo yote bila kuona haya, na safari ikaendelea kwa karibu miaka mitatu zaidi. Nakutajia mtu huyu pia kwa sababu alipita njia ileile ya mdogo wako: alitoka Cape Town tarehe 26 Machi 1898 akafika Saint Helena tarehe 11 Aprili, siku 16 tu, akisukumwa na pepo za kusini-mashariki ambazo huko huvuma kwa utulivu kama kusi yetu ikishakaa sawa. Pale kisiwani alipewa mbuzi awe mwenzake njiani. Mbuzi huyo alimtafunia ramani ya baharini, na Slocum akamshusha kisiwa cha Ascension. Wafugaji wa Ugogo hawatashangaa.

Huyohuyo Slocum anaeleza kwamba siku za mwanzo, akiogopa sauti yake isije ikapotea kwa kutotumiwa, alikuwa akitoa amri kwa sauti kubwa na kumuuliza mtu wa kubuni aliyeko usukanini mashua inaelekea wapi. Kwa kuwa hakujibiwa, upweke ulimzidia, akaiacha desturi hiyo na kuanza kuimba. Kuimba kulimfaa.

Jambo la pili naliona kuwa zito kuliko hilo la kwanza, na ndilo ninalotaka ulifikirie sana kwa sababu ya ulichoandika juu ya mwaka 2019. Chomboni mwetu nahodha alikuwa na ofisa wa kumwambia kwamba hapa umekosea. Anayesafiri peke yake hana mtu huyo. Wazo likiingia kichwani mwake, liwe la busara au la upotovu, hulikuta chumba kizima ni chake, na hakuna wa kulipinga.

Mwaka 1968 gazeti moja la Uingereza liliandaa mashindano ya kuizunguka dunia peke yako bila kutia nanga bandarini. Waliondoka watu tisa, akamaliza mmoja tu. Miongoni mwao alikuwamo Donald Crowhurst, mhandisi wa vifaa vya elektroniki mwenye mke na watoto wanne, ambaye biashara yake ilikuwa inaanguka na ambaye alikuwa ameweka rehani karibu kila alichokuwa nacho kwa ajili ya safari ile. Aliondoka tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, akiwa na mashua ya aina ya trimarani, yenye viwiliwili vitatu vilivyounganishwa ubavu kwa ubavu, ambayo haikuwa imekamilika na ilikuwa ikivuja. Haukupita muda mrefu akatambua kwamba chombo hicho hakiwezi kuhimili bahari za kusini. Kuendelea kulikuwa kifo, na kurudi kulikuwa aibu na kufilisika. Akachagua njia ya tatu: akabaki akizungukazunguka Atlantiki, huku akituma kwa redio taarifa za uongo kwamba anaipita dunia kwa kasi ya ajabu. Aliandika hesabu za uongo za mahali alipo, kazi ngumu kuliko kuandika za kweli.

Miezi ikapita. Mshindani mwingine, Nigel Tetley, akidhani Crowhurst yuko nyuma yake karibu, aliilazimisha mashua yake iliyokwisha kuchoka hadi ikavunjika na kuzama mwezi Mei 1969, ingawa yeye mwenyewe aliokolewa. Sasa Crowhurst akawa mtarajiwa wa zawadi ya mwendo wa kasi kuliko wote, na maana yake ni kwamba batli yake, yaani daftari la safari, ingechunguzwa mstari kwa mstari. Hapo akili yake ilikatika. Aliandika maneno yapatayo 25,000 kuhusu Mungu, wakati na akili ya mwanadamu, na maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 1 Julai 1969. Siku tisa baadaye mashua ilikutwa ikielea, tanga moja likiwa limepandishwa, bila mtu ndani. Mwili wake haukupatikana kamwe. Mshindi, Robin Knox-Johnston, aliitoa zawadi yake ya pauni 5,000 kwa familia ya marehemu.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nafikia uamuzi uleule, kwamba mtu huyo hakuuawa na upweke. Aliuawa na kutokuwa na mtu hata mmoja ambaye angeweza kumwambia ukweli. Kwa hiyo, Mwalimu, mdogo wako aliyekuambia kwamba ni mzima wakati halali, ndiye unayepaswa kumhofia. Muulize hivi: je, ameshaamua, akiwa bado nchi kavu na akili imetulia, ni mambo gani yakitokea atageuza omo, yaani mbele ya mashua, arudi? Ameyaandika? Na akigeuka, atamwambia nani wa kwanza?

Mzazi wa Singida

Nimesoma kwa makini, na namheshimu sana mzee aliyetangulia, lakini mimi naona tunazunguka swali la msingi, nalo ni kwa nini aende peke yake. Wazee walisema upweke ni uvundo. Futi 32 zinatosha watu wawili, hata watatu. Mtu mwenye historia ya kufiwa na kukosa usingizi miezi miwili, anapojitenga na watu kwa hiari yake, sisi huku kwetu hatusemi ni ujasiri. Tunakwenda kumkalisha na kumuuliza anakimbia nini. Dada Mwalimu, usiseme huna haki. Wewe ni dada yake mkubwa na mama hayupo. Muombe atafute mwenzake, angalau kwa kipande cha kwanza hadi Saint Helena.

Muuguzi wa Afya ya Akili, Dodoma

Mwalimu, pole kwa mawazo, na ahsante kwa kuuliza mapema. Ninafanya kazi ya uuguzi wa wagonjwa wa akili hapa Dodoma kwa mwaka wa 14, na ingawa bahari siifahamu, usingizi, msiba na upweke navikuta wodini kila siku.

Swali la Mzazi wa Singida ni la haki, na ningelipenda uliulize jinsi lilivyo: unakwenda kutafuta nini, na kuna unachokimbia? Jibu lake lina uzito kuliko vifaa vyote. Anayetamani jambo huzungumzia upepo, matanga na visiwa. Anayekimbia jambo huzungumzia watu aliochoka nao. Hata hivyo siungi mkono kudhani kwamba kila anayetaka kuwa peke yake ana ugonjwa. Knox-Johnston, aliyetajwa hapo juu, alipimwa na daktari wa akili kabla ya safari na baada ya kurudi, naye alikutwa ni mtu wa kawaida kabisa mara zote mbili, ingawa alikaa baharini zaidi ya siku 310.

Maruweruwe ya kukosa usingizi si wazimu. Naomba uliwekee mkazo jambo hilo kwa baba yako pia, kwa sababu katika jamii zetu mtu akisema amesikia sauti, huambiwa amerogwa au ameharibikiwa, na matokeo yake ni kwamba safari nyingine hasemi. Sauti zinazokuja baada ya usiku mbili au tatu za kulala vipande vipande kwa kawaida huondoka mtu anapolala vya kutosha, na mwenyewe mara nyingi hujua kwamba si za kweli. Hatari huanza pale anapozitii. Mtu aliyechoka huweza kuona gati mbele yake akataka kushuka, na kushuka huko ni kuingia baharini, kwa hiyo mkanda wa kujifunga kwenye mashua auvae hata siku ya shwari, na afanye hivyo kwa mazoea, bila kungoja akili yake imshauri.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni jambo jingine, nayo hujificha. Kwa kuwa aliwahi kuipitia, au kitu kinachofanana nayo, ningependa amwone mtaalamu huko Cape Town kabla ya safari, na amweleze kwa uwazi habari ya mwaka 2019. Msiba ambao mtu hakuuzika huwa haujaisha. Baharini, usiku, bila simu za kujibu wala kazi ya karakana, ndipo utakapomjia, na ni afadhali akutane nao kwanza kwenye kiti cha mshauri kuliko kwenye usukani.

Kuna daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1956 kwa mtumbwi wa kukunjika wa turubai na mpira, kwa siku 72. Aliamini kwamba akili ya msafiri huvunjika kabla ya mwili wake, kwa hiyo kwa miezi kadhaa alijizoeza kuutuliza mwili kwa makusudi na kujirudia maneno machache, kwamba atafika, kwamba asikate tamaa, kwamba aelekee magharibi. Alipopinduliwa na mawimbi usiku, na alipoanza kusikia sauti, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuzama ndani yake kiasi cha kujisema yenyewe. Wenye kuswali au kusali rozari wanaelewa ninachokisema. Kama mdogo wako ana sala zake, asiziache. Zinampa siku yake vipande: hapa asubuhi imekwisha, hapa jioni imeingia.

Ninyi mliobaki, sikilizeni zaidi namna anavyozungumza kuliko anachosema. Nitahofu akianza kupiga simu kwa saa zisizo na mpangilio, akijibu kwa neno moja, akiacha kutaja chakula, akiacha kuandika batli. Nitahofu zaidi akiwa na furaha ya ghafla isiyo na sababu, au akianza kunieleza kwamba amegundua siri ya ulimwengu. Mkimsikia hivyo, msibishane naye wala msimcheke. Mwambieni ateremshe matanga, alale kwa muda wa saa nne au tano, kisha apige tena.

Liko jambo moja ambalo familia nyingi hulisahau. Kwetu habari ya msiba hufichwa hadi mtu afike nyumbani. Je, likitokea jambo Mpwapwa wakati yeye yuko mamia ya maili kutoka nchi kavu yoyote, aambiwe au asiambiwe? Msiamue ninyi. Muulizeni sasa, na lolote atakalochagua liheshimiwe, kwa sababu akishuku hata kidogo kwamba mnaweza kumficha jambo, kila kimya katika simu kitamtafuna.

Mrina Asali, Itigi

Naomba nichangie kidogo, ingawa mimi ni mtu wa msituni. Hukaa kambini ndani ya vichaka vya Itigi wiki tatu hadi nne wakati wa kurina, na kuna misimu ambayo mwenzangu aliugua nikabaki peke yangu.

Siku ya kwanza na ya pili ni nzuri. Ya nne au ya tano ndiyo mbaya: moyo unazama bila sababu, na ugomvi wa miaka kumi iliyopita unarudi kana kwamba ulitokea asubuhi ile. Ukipita hapo, kuna utulivu ambao sijui niueleze vipi, unasikia hata mbawa za ndege anapogeuka. Kilichonisaidia kupita ni kutokuruhusu kazi ndogo zilale. Kuosha sufuria mara tu baada ya kula, kunoa panga jioni, kuhesabu mizinga na kuandika. Siku niliyoacha sufuria chafu, kesho yake niliacha na kuoga.

Lakini kilichonishinda kuliko vyote ni kurudi. Nilipofika stendi ya Manyoni, kelele za wapiga debe zilinitoa machozi, na kwa wiki nzima nyumbani nilikuwa najibu kwa hasira, mke wangu akidhani nina jambo. Huyo kijana atakapofika Brazili, msimpigie simu ukoo mzima siku ya kwanza.

Serahangi Mstaafu, Kondoa

Mrina Asali amegusa jambo ambalo nililiacha. Katika mashindano yale ya 1968 alikuwamo Mfaransa Bernard Moitessier, ambaye alikuwa amekwisha kuizunguka Rasi ya Horn, kwenye ncha ya Amerika Kusini, na angeweza kushinda. Badala ya kuelekea Ulaya aligeuza mashua, na alipopita karibu na Cape Town mwezi Machi 1969 alirusha ujumbe kwa manati juu ya meli iliyokuwa ikipita, akieleza kwamba anaendelea kwa sababu ana furaha baharini na pengine ili kuiokoa roho yake. Alikwenda moja kwa moja hadi Tahiti. Mkewe alikuwa Ufaransa akimngoja. Bahari huwavunja baadhi ya watu, na wengine huwatuliza kiasi kwamba nchi kavu huwa haiwatoshi tena, na sijui ni lipi gumu zaidi kwa wanaosubiri.

Kwa ndugu yangu wa Singida: hoja yako naiheshimu, lakini nimeona pia mabaharia wawili wasioelewana ndani ya chombo kidogo, na sitamani kuona tena. Ninachokikubali ni kwamba asianze na safari ndefu. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, mwanamke aliyeshinda mwaka 2023 mashindano ya kuizunguka dunia peke yake kwa vyombo vya mtindo wa mwaka 1968, alikuwa ameendesha baiskeli peke yake kutoka Ulaya hadi Afrika Kusini miaka mingi kabla. Na akiwa katikati ya mashindano aliacha njia yake kwenda kumwokoa mshindani ambaye mashua yake ilizama, kisha akarudi kwenye njia yake na akashinda. Akili iliyozoezwa polepole ina nafasi ya kuwafikiria wengine hata ikiwa peke yake.

Kuhusu kimya cha simu, Mwalimu: redio ya Knox-Johnston iliharibika, na baada ya kuonekana New Zealand mwezi Novemba 1968 hakuna aliyepata habari zake hadi Aprili mwaka uliofuata, na alikuwa mzima muda wote huo. Simu ya setilaiti huingia maji kama kitu kingine chochote. Mkubaliane idadi ya siku za kimya ambazo ndani yake hakuna anayeruhusiwa kulia, na zikipita, awepo mtu mmoja tu mwenye kazi ya kukitaarifu kituo cha uratibu wa uokoaji baharini cha Cape Town, akiwa na rangi ya mashua, jina lake na mahali pa mwisho palipojulikana, vyote vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi moja.

Mwalimu wa Ilazo, Dodoma

Shikamoo mzee wa Kondoa, na nawashukuru nyote kutoka moyoni. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kwanza nizungumze naye. Jana usiku tuliongea kwa muda wa karibu saa mbili.

Nilimuuliza swali la muuguzi kama lilivyo, kwamba kuna unachokimbia? Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia kwamba mwezi wa nane alikwenda peke yake siku tatu kuijaribu mashua, na usiku wa tatu, akiwa hajalala, alimsikia mama akimwita kutoka upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, kwa Kigogo, kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine anayelitumia. Aligeuka. Hakuona mtu. Alikaa chini akalia hadi kulipokucha, ndipo akarudi bandarini. Hakumwambia mtu yeyote, kwa kuogopa kwamba tutasema amerogwa au tutamkataza kwenda. Nilimsomea maneno ya muuguzi juu ya sauti hizo, na habari ya Slocum na yule rubani wa Pinta, akacheka kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale, akaniomba nimtumie yote mliyoandika.

Amekubali kumwona mshauri, na ameniahidi kunitumia risiti ya siku ya kwanza bila mimi kumuomba. Safari ameisogeza hadi mwisho wa Februari, ili kabla ya hapo afanye safari ya usiku sita peke yake na kurudi. Masharti ya kugeuza omo ameanza kuyaandika, na la kwanza ni kwamba akimsikia mama tena na akatamani kumjibu, atateremsha matanga na kulala kabla ya kufanya jambo lolote. Kuhusu msiba, amesema aambiwe, siku hiyohiyo, yeyote awaye. Nilipata shida kuyaandika maneno hayo kwenye daftari langu, lakini nimeyaandika.

Ndugu wa Singida, nilimfikishia ombi la kuchukua mwenzake. Amesema atalifikiria kwa kipande cha kwanza, na safari hii sikusikia ile sauti yake ya kunituliza tu.

Tumekubaliana kupiga simu kila baada ya siku mbili, saa moja usiku kwa saa za hapa, na siku tano za kimya kabla ya mimi kukitaarifu kituo cha Cape Town. Mwanzoni tulipanga simu ije kwangu, lakini leo asubuhi baba amenipigia kutoka Mpwapwa, akauliza mashua ina rangi gani, kisha akaomba simu hizo ziwe zinaita kwake.